Aliyeipata Kazi Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, kama bado hujasoma Kill Me Quick, riwaya ya Meja Mwangi iliyotoka mwaka 1973, itafute. Meja na Maina wamesoma, vyeti wanavyo, wameingia Nairobi kutafuta kazi. Wanaishia kulala uchochoroni na kula makombo ya mapipani. Utani wao unauma kuliko kilio. Na kurudi nyumbani ni aibu: wazazi walijinyima ili wao wasome.

Wapo wanaoisoma kama onyo kwamba vitabu huharibu vijana, afadhali wangefunzwa kushika nyundo. Mimi sikubali. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985 ulikuja na dawa hiyo hiyo: mpe kijana ufundi, ajitegemee. Haya, useremala ukaingia darasani. Karakana je, nani aijenge? Mzazi! Wenye nacho wakajenga, maskini wakachangishana mpaka wakachoka. Mtihani ukabaki ule ule mmoja kwa wote.

Basi ugonjwa si kusoma. Cheti kinaonyesha alama tu. Hakisemi nani alikuwa na maabara na nani aliisikia kwa jina, wala nani ana mjomba mkubwa ofisini. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya, na kwenye jina lake ajira, mapato na usawa viliwekwa pamoja. Havitengani, jamani.

Hapa ndipo ninapogombana na Mwangi. Anatuonyesha vizuri sana waliofungiwa lango, lakini aliyefunguliwa simwoni. Alisoma wapi? Nani alimpigia simu meneja? Bila mtu huyo, ukosefu wa kazi unafanana na mvua iliyokataa kunyesha: tunasikitika, tunafunga kitabu, hakuna wa kuulizwa.

Waandishi chipukizi wenzangu, kijana mwenye cheti mfukoni na soli zilizotoboka tumemwandika sana, na sisi wengi ndiye sisi. Tusimwache. Lakini safari hii kalamu ipite langoni, ipande ngazi, iingie ofisini, ikae kimya pembeni isikilize jinsi kazi inavyogawanywa kabla tangazo halijatoka gazetini. Hadithi hiyo nani ataiandika, kama si sisi tuliobaki nje?