Sifa za Mpanga Ratiba

Kongamano la kimataifa likifana, makofi humwendea mzungumzaji. Aliyeamua nani azungumze, saa ngapi, ukumbi upi na baada ya nani, hatajwi. Leo namsifu yeye, hasa yule anayepanga programu ya kisayansi ya makongamano ya tiba ya utengamao.

Tiba hii humshika mtu mkono baada ya kiharusi, ajali, kukatwa mguu au kuumia uti wa mgongo, mpaka arudie kazi yake na watu wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ambazo huduma hiyo ingewafaa. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, ISPRM, kiliundwa mwaka 1999 kwa kuunganisha vyama viwili, na kongamano lake la kwanza lilifanyika Amsterdam mwaka 2001. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ICF, mfumo wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya. Fundisho lake ni zito: ulemavu haukai mwilini peke yake, huzaliwa pale mwili unapokutana na mazingira yanayoukataa. Ngazi bila njia ya mteremko ni mazingira. Nami nasema ratiba nayo ni mazingira.

Kazi huanza muda mrefu kabla ya wageni kufika. Ikisiri humiminika, na wasomaji makini huzipima majina ya waandishi yakiwa yamefichwa, ili jina kubwa lisibebe wazo dogo. Kisha huja kupanga, na hapo ndipo ufundi ulipo. Ukiweka kikao cha kiharusi ukumbi mmoja, na cha kukakamaa kwa misuli ukumbi mwingine saa ileile, umemkata daktari vipande viwili, kwa kuwa mgonjwa wake ana yote mawili. Mpangaji hodari huliona hilo mapema. Tena humketisha daktari meza moja na mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi na fundi wa viungo bandia, maana wodini kidole kimoja hakivunji chawa. Na humwita aliyeumia mwenyewe aje kuzungumza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama kiharusi kimemwathiri usemi, humwongezea dakika. Kumpa dakika kumi zilezile za profesa ni kumnyima nafasi ya kumaliza sentensi.

Lakini ufundi wake nauona zaidi kwenye korido, hasa unapokosekana. Kikao kimeisha saa nne na nusu, na kinachofuata kinaanza saa nne na nusu hiyohiyo, ghorofa ya tatu. Wenye miguu wanapanda ngazi mbiombio. Mama aliye kwenye kiti cha magurudumu anasubiri lifti. Inafunguka, imejaa. Anasubiri tena. Anapofika mlangoni watu wameshajaa njiani, mada imefika katikati, na swali alilolibeba kutoka kwao limepitwa. Miguu yake haikumchelewesha. Amecheleweshwa na mstari mmoja wa ratiba.

Mpangaji aliyekomaa huipita korido hiyo kabla ya siku, saa mkononi, kwa mwendo wa aliye taratibu kuliko wote. Ndipo huandika: mapumziko, dakika ishirini. Wadhamini watataka dakika hizo zijazwe mada, na wawasilishaji walioachwa watalalamika. Yeye hazitoi. Kwenye karatasi zinaonekana tupu, kumbe ndizo zinazobeba heshima ya fani nzima.

Nawe unayepanga mkutano, uwe wa dunia au wa kata, usichape ratiba kabla hujaazima kiti cha magurudumu, ukakaa, ukaipita njia yote kutoka ukumbi hadi ukumbi. Njia ikikushinda wewe, ibadilishe ratiba.