Joto la Kibuyu

Mwezi wa Julai, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya hushikwa na baridi ya kweli. Kuanzia Runyenjes hadi Imenti ukungu hushuka mapema na watu husogelea meko. Katika baridi hiyo wazee wa Embu na Meru huivisha pombe ya asali, tena kwa siku ya mahari iliyokwisha kupangwa. Wageni hawangoji chachu.

Chachu yenyewe hukaa ndani ya muratina, lile tunda refu lining'inialo mtini kwa kikonyo kirefu. Hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa, kisha hulowekwa kwenye maji ya asali mpaka nyuzi zake zishike uhai. Likikauka tena, chachu hulala humo, tayari kuamshwa.

Vipande vya muratina na asali, ambayo nyingi hutoka nchi ya joto ya Mbeere na Tharaka, hutiwa kibuyuni pamoja na maji ya uvuguvugu, na kibuyu hukaa karibu na mafiga. Mwanzoni hakina joto lake. Kikiachwa mbali na moto, chachu huzubaa. Ila ikishaamka na kuanza kula sukari, hutoa kileo, hewa na joto, na kibuyu huanza kujipasha chenyewe. Gamba lake kavu halipitishi joto upesi, hivyo linalozaliwa ndani hubaki ndani. Moto uliokifaa jana leo ni hatari. Joto likikaribia nyuzi 40 chachu hudhoofika, na ladha huwa imeharibika kabla ya hapo.

Kuitambua saa hiyo ndiko kunakonistaajabisha zaidi. Mzee hulaza kiganja kwenye tumbo la kibuyu, hutega sikio asikie mchemko, hunusa povu, kisha hukirudisha nyuma hatua moja. Alfajiri, makaa yakififia, hukisogeza tena au hukifunika gunia. Kibuyu kidogo hukiweka karibu zaidi, maana hupoa haraka. Kikubwa hujilimbikizia joto na hutaka nafasi. Viwandani kazi hii hufanywa na vipimajoto na mabomba ya maji baridi.

Mchemko ukitulia na kibuyu kikapoa ilhali moto haujapungua, pombe imeiva. Muratina huopolewa na kuanikwa juani kwa ajili ya pombe ijayo, mbali na moto mkali ambao ungeua chachu iliyomo.