Harage Halikuiva: Hesabu ya Moto na Maji kwa Msafiri wa Pikipiki Karatu

Saa tatu kasoro usiku, kambini nje kidogo ya mji wa Karatu, nilitoa harage moja kwenye sufuria nikalibonyeza kwa vidole viwili. Ganda lilitoka, lakini kiini kilikuwa kigumu kama chaki. Sufuria ilikuwa imetokota kwa saa moja na nusu. Chupa ya petroli ya jiko ilikuwa imebaki robo, na maji tuliyoyaweka kwa ajili ya kunywa kesho yake tulikuwa tumeyaongeza humo mara tatu. Tukala mkate mkavu, tukalala.

Mwaka uliofuata tulirudi njia ileile kwa siku tatu, watu wawili na pikipiki mbili za cc 150. Tulitoka Arusha tukapita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, kisha tukateremka hadi Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi. Safari hii tulikula vizuri tukarudi na petroli ya jiko. Mzigo wetu ulikuwa na uzito uleule. Kilichobadilika ni kwamba tuliacha kuhesabu kilo, tukahesabu dakika za moto na vikombe vya maji.

Tuanze na lile harage. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Karatu iko kwenye mita kama 1,500, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,300, ni nyuzi 92. Ukiongeza moto, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka haraka tu. Gundi inayoshikilia nyama ya harage huhitaji joto kali ili ilegee, na kila nyuzi inayopungua hukuongezea dakika nyingi za kusubiri. Maharage yakiwa yamekaa ghalani tangu msimu uliopita, kama yetu yalivyokuwa, shida huzidi.

Unga hauna tabia hiyo. Wanga wa mahindi huvimba na kuiva chini ya nyuzi 80, na wa mchele vivyo hivyo. Ndiyo maana uji na ugali huiva juu ya mlima bila taabu, na wali nao huiva ukiufunika vizuri. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ilikuwa kubeba vyakula vya wanga vinavyopikwa kambini, na vyakula vya jamii ya maharage kuvinunua vikiwa vimeshaiva.

Hapo ndipo mama lishe anapoingia kwenye hesabu. Saa kumi jioni Karatu, sufuria yake ya makande imekuwa motoni tangu asubuhi, kwa kuni au mkaa ambao wewe huwezi kuubeba kwenye keria. Tulimpa bakuli lenye mfuniko wa kubana, akatujazia. Kambini tulikata kitunguu cha Mang'ola na nyanya mbili, tukakaanga, tukamwaga makande juu yake. Dakika nane, na maji hatukutumia hata kikombe.

Niseme jambo moja kuhusu magadi, maana wengi wataniuliza kwa nini sikuyatumia. Ni kweli yanalainisha maharage, na kaskazini mwa Tanzania yametumika hivyo tangu zamani. Lakini magadi ya ukanda huu yana floridi nyingi, na yametajwa miongoni mwa vyanzo vya meno ya kahawia ambayo watoto wetu huku wanayaonea haya wanapocheka. Mtu mzima hataumia kwa siku tatu. Mtoto anayekula chakula cha magadi kila siku ndiye anayeumia, nami sipendi kuyasifia mbele yake.

Floridi imo pia katika visima vingi vya ukanda huu wa volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua sufuriani, floridi iliyomo huzidi kukolea. Tulinunua maji ya kunywa mjini, lita 5 kwa kila mtu, tukayafunga chini kwenye mabegi ya pembeni. Lita 5 ni kilo 5, na kilo 5 zikikaa juu ya keria utazihisi katika kila kona ya mteremko.

Barabara ya Mang'ola tulipoipita ilikuwa vumbi na mawe, na mtikisiko wake ni mpishi wa aina yake. Safari ya kwanza tulibeba maziwa ya mgando kwenye chupa. Tulipofungua, mabonge ya siagi yalikuwa yanaelea juu ya maji ya maziwa, sawa kabisa na wafugaji wanavyosukasuka kibuyu, ila wao hukusudia. Ndizi mbivu zilikuwa rojo. Vilivyofika salama ni chapati, viazi vitamu vya kuchemsha na karanga.

Huko bondeni, kwenye joto, chai haikutuingia. Tulinunua ubuyu, tukaukoroga kwenye maji na sukari kidogo. Wahadzabe wa Eyasi huukoroga kwenye maji vivyo hivyo tangu enzi na enzi. Una vitamini C nyingi, na hauhitaji hata kiberiti.

Pikipiki ya msafiri huishia nje ya lango la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Anayetaka kuona kreta huiacha Karatu akapanda gari, na afunge vioo, maana nyani wa pale getini wanajua begi la chakula kuliko mwenyewe. Huku Karatu mgeni wa usiku ni tembo anayetoka msitu wa hifadhi kwenda mashambani. Mlinzi wa kambi, baada ya kupokea shikamoo yetu, alinyoosha tochi kwenye hema. "Vijana, ndizi msilale nazo. Tembo ana pua." Tukamkabidhi mfuko wote wa chakula, akaufungia kwenye kibanda chake.

Mayai ndiyo niliyoyahofia zaidi. Tuliyazika mabichi, kumi na mawili, kwenye ndoo ndogo iliyojaa sembe, kila yai likiwa limezungukwa na unga bila kugusana na jingine. Siku tatu za makorongo, halikupasuka hata moja. Asubuhi ya mwisho tulikaanga mawili yaliyobaki, na unga uliokuwa umeyalinda tukaukorogea uji.