BUNDI KATIKA KUMBUKUMBU YA MSIBA: UHAKIKI WA USOMAJI WA NDEGE WA USIKU KATIKA FASIHI YA KISWAHILI

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna ndege wa usiku, hasa bundi, wanavyosomwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Uhakiki umezoea kumwita bundi ishara ya mkosi na kuishia hapo, bila kuuliza mlio wake unasimuliwa na nani na wakati gani. Kwa kutumia uainishaji wa ishara wa Charles Peirce, makala yanadai kwamba simulizi ya bundi huanza kwenye msiba na kurudi nyuma, ingawa husomwa kana kwamba ilianza kwa ndege na kwenda mbele. Data ni jina la ndege, imani kuhusu mahame, kauli ya Hadithi kuhusu hama, na riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei.

1.0 Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, bundi akilia karibu na nyumba usiku, wenye nyumba huingiwa na hofu kwamba mtu atakufa. Wagikuyu humwita ndundu, Wajaluo humwita tula, na Waswahili humwita bundi. Majina yanatofautiana, hofu inafanana. Kwa sababu ya kufanana huko, mhakiki anayekutana na bundi katika ngano au riwaya huandika haraka kwamba mwandishi ametumia ishara ya mkosi, kisha huendelea na jambo jingine. Mwanafunzi wa sekondari naye hufundishwa jibu hilohilo, na mtihani humpa alama kwa kulitoa.

Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Linaeleza maana ambayo jamii imempa ndege, lakini halielezi maana hiyo ilijengwaje wala inafanya kazi gani ndani ya simulizi. Upungufu huu una gharama nje ya darasa pia. Bundi huuawa na viota vyake hubomolewa kwa sababu ya tafsiri ambayo sisi wahakiki tumekuwa tukiirudia bila kuihoji. Zaidi ya hayo, bundi huaminiwa kuwa mjumbe wa wachawi, na tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wazee, hasa wanawake, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Kwa hiyo, swali la namna tunavyosoma mlio wa ndege si dogo.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Peirce aligawa ishara katika makundi matatu. Ikoni hufanana na kitu inachokiwakilisha, kama picha inavyofanana na mtu. Kielekezi huungana na kitu hicho kwa uhusiano halisi, kama moshi unavyoelekeza kwenye moto. Ishara ya kimapatano hupata maana kwa makubaliano ya jamii tu, kama yalivyo maneno mengi ya lugha.

Mgawanyo huu unafichua kutoelewana kulikojificha. Mhakiki anapoandika kwamba bundi ni ishara, huwa na maana ya aina ya tatu: jamii imekubaliana hivyo. Anayeamini haoni hivyo hata kidogo. Kwake mlio wa bundi ni kielekezi: umeungana na kifo kama moshi ulivyoungana na moto. Mhakiki na mwenye imani wanatumia neno moja kwa mambo mawili tofauti, na wala hawajui kwamba wametofautiana. Ili kuamua mlio huo unaelekeza wapi kwa kweli, hatuna budi kuanza na ndege mwenyewe.

3.0 Ndege Mwenyewe

Anayetaka kumtambua ndege wa usiku huanza kwa sikio kabla ya jicho. Hutulia mahali pamoja tangu magharibi, husikiliza mlio unatoka upande gani, unarudiwa mara ngapi, na kama kuna mwingine unaoujibu. Mchana hutafuta dalili nyingine: vitonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi hutapika chini ya mti anaolala, au kelele za ndege wadogo wanaomzonga baada ya kumgundua amejificha. Kuzongwa huku ni jambo la kuzingatiwa na mtafiti wa ngano za usuli zinazoeleza kwa nini bundi huepuka mchana na kuishi mbali na ndege wenzake. Nyuma ya ngano za aina hiyo kuna uchunguzi wa kweli wa mazingira.

Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, hupatikana bundi mdogo aitwaye kitaalamu Otus ireneae, mwenye urefu wa takribani sentimita 17 hivi. Ripley alimweleza kisayansi mwaka 1966, na mbali na msitu huo anajulikana pia katika nyanda za chini za Usambara Mashariki, Tanzania. Huishi hasa kwenye vichaka vya miti ya Cynometra inayoota katika udongo mwekundu. Watazamaji wa ndege hutoka nchi za mbali ili wamwone, na waongozaji wa huko humtafuta kwa kuufuata mlio wake na kwa kuzijua sehemu anazolala. Hivyo, katika pwani hiyohiyo ambako mlio wa bundi humfanya mtu afunge dirisha, upo mlio wa bundi unaomfanya mtu mwingine atoke nje ausikilize. Ndege ni wa ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni msikilizaji.

Anayesikika zaidi karibu na makazi ya watu ni Tyto alba, bundi mwenye uso mweupe uliobonyea kama kisahani. Masikio yake hayako sawa kwa kimo, na tofauti hiyo humwezesha kujua panya alipo hata katika giza totoro. Hutaga kwenye mapango ya miti, kwenye dari na katika majengo yaliyoachwa. Penye nafaka pana panya, na penye panya bundi huja. Basi mlio wake ni kielekezi kweli, ila kwanza unaelekeza kwenye ghala.

4.0 Jina, Mahame na Hama

Fasihi simulizi imehifadhi mahali ambapo maana hugeuzwa. Mfano wa kwanza ni jina mpasuasanda, linalopewa ndege wa usiku. Limeundwa kwa kitenzi pasua na nomino sanda. Likisomwa kwa macho ya Peirce, jina hili lina tabaka mbili. Sauti ya kitambaa kinachochanwa ni ikoni: msikilizaji analinganisha sauti na sauti. Lakini kitambaa kingeweza kuwa shuka au kanga. Uamuzi wa kuchagua sanda hautoki kwenye koo la ndege. Unatoka kwa mtu ambaye tayari anawaza maiti. Neno moja limefunga pamoja alichosikia na alichoogopa, na anayelirithi hapewi nafasi ya kuvitenganisha.

Mfano wa pili ni uhusiano wa bundi na mahame. Inaaminiwa kwamba bundi akihamia kwenye nyumba, nyumba hiyo itabaki gofu. Mazingira yanaonyesha mpangilio tofauti: watu huondoka au hufa, paa hutoboka, kisha bundi hupata pa kutagia. Imani imeviona vitu vyote viwili kwa usahihi, ndege na gofu, ila imevibadilishia nafasi. Kilichofuata kimefanywa chanzo.

Hali ni hiyohiyo kwa mlio unaosikika wakati wa ugonjwa. Nyumba yenye mgonjwa hukesha. Wanaokesha husikia milio ambayo usiku mwingine wangeipitisha usingizini. Mgonjwa akifa, mlio hukumbukwa, akipona, husahaulika.

Ni makosa, hata hivyo, kudhani kwamba shaka juu ya imani hii imeletwa na shule za kisasa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakanusha mkosi wa ndege, na ndani yake imetajwa hama. Wafafanuzi wengi huieleza hama kuwa ni ndege wa usiku, ambaye Waarabu wa kabla ya Uislamu walimwamini kuwa ni roho ya aliyeuawa inayolia mpaka ilipiziwe kisasi. Katika jamii ya Waislamu wa pwani, basi, hofu ya bundi imeishi pamoja na katazo la kumwogopa. Kuwagawa wahusika katika kambi ya jadi inayoamini na kambi ya usasa inayokanusha ni kurahisisha historia.

5.0 Mlio wa Bundi katika Chozi la Heri

Riwaya ya Chozi la Heri, iliyosomwa katika shule za sekondari za Kenya kama kitabu teule, inatupa nafasi nzuri ya kupima hoja hii. Ridhaa, ambaye ni daktari, amepoteza familia yake katika nyumba iliyoteketezwa wakati wa ghasia za kisiasa. Mlio wa bundi ulikuwa umesikika kabla ya maafa. Mkewe, Terry, aliuhofia. Ridhaa aliuona kuwa jambo la kawaida.

Usomaji uliozoeleka huita tukio hili kiangaza mbele: bundi amelia, maafa yamekuja. Usomaji huo unaifanya riwaya iseme kwamba mke aliyeogopa alijua na daktari aliyekanusha alikosea. Lakini tuangalie namna tukio linavyomfikia msomaji. Riwaya inaanza na Ridhaa akiwa kwenye magofu, na mlio unakuja kupitia mbinu rejeshi. Hatuusikii usiku ule ulipolia. Tunausikia ndani ya kichwa cha mtu aliyefiwa, anayepekua siku zake za mwisho na mkewe akitafuta alama ambayo angeweza kuiona. Hapa msuko unafuata njia ya imani yenyewe: moto kwanza, bundi baadaye.

Tukilitambua hilo, maana ya tukio inabadilika. Mlio si habari kuhusu moto. Ni habari kuhusu majuto. Ridhaa anaukumbuka kwa sababu ni miongoni mwa mambo ya mwisho aliyozungumza na Terry, na kwa sababu alimjibu kwa wepesi. Aidha, riwaya haimwachi msomaji gizani kuhusu chanzo cha maafa. Aliyehusika ni jirani, Mzee Kedi, na kilichomsukuma ni chuki ya kikabila na kisiasa. Mhakiki anayetua kwa bundi anamwondolea jirani lawama na kuipeleka mtini.

Huenda ikapingwa kwamba imani hizi zina manufaa. Bascom (1954) alionyesha kwamba fasihi simulizi, pamoja na kuburudisha, huelimisha, huhalalisha utamaduni na hudhibiti mienendo. Ni kweli kwamba hofu ya bundi humpa mtu lugha ya kutaja wasiwasi usio na jina, na huwakusanya ndugu kando ya mgonjwa. Makala haya hayaikatai kazi hiyo. Yanachokataa ni kuihesabu kazi ya kufariji kuwa ushahidi wa kutabiri. Faraja inayomtafuta mtu wa kubebeshwa lawama haikomi kwa ndege.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba jina mpasuasanda, imani ya mahame, kumbukumbu za wanaouguza na riwaya ya Matei vina muundo mmoja: msiba hutangulia, kisha kumbukumbu humrudia ndege na kumweka mwanzoni. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mhakiki anapokutana na bundi aulize maswali matatu kabla ya kuandika neno ishara. Nani anasimulia mlio huu? Anausimulia kabla au baada ya tukio? Nani anaondolewa lawama pindi ndege anapotajwa? Maswali haya yanaweza kuulizwa hata katika darasa la kidato cha tatu. Yakijibiwa, bundi atabaki na nafasi yake katika fasihi, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya maombolezo na ni yake kwa haki. Jukumu la moto litabaki kwa waliouwasha.