Kasi ya Kuzalisha Funguo: Tunapima Nini Hasa?

Ripoti za kupima kasi ya chipu za usalama, hizi TPM, zimekuwa nyingi na karibu zote zina mtindo mmoja. Mtafiti anachukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, anaiunganisha na chipu kwa njia ya SPI, anaiamuru izalishe ufunguo wa RSA wa biti 2048 mara kumi, anatoa wastani, kisha anatangaza chipu ipi ni bora. Jedwali linapendeza. Ukiuliza limepima nini, hapo maneno yanakwisha.

Tuanze na bahati. Ufunguo huo unahitaji namba tasa mbili, kila moja ya biti 1024. Katika ukubwa huo, namba tasa ni moja katika kila namba 710 hivi. Ukiziacha shufwa, moja katika 355. Chipu inabahatisha mpaka ipate. Safari hii inapata upesi, safari ijayo inahangaika, na muda unatawanyika sana. Wastani wa mara kumi hausemi kitu. Nionyeshe muda mfupi kabisa, mrefu kabisa na ule wa katikati, baada ya majaribio mia kadhaa. Funguo za ECC hazina mchezo huo: chipu inachagua namba ya siri, inapiga hesabu yake, basi.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye amri yenyewe. Katika TPM 2.0, amri ya CreatePrimary haibahatishi upya. Inaukokotoa ufunguo kutokana na mbegu ya siri iliyomo ndani ya chipu; mbegu ikiwa ile ile na kiolezo kile kile, ufunguo unaotoka ni ule ule. Sasa mtu anairudia amri hiyo mara mia, anaona muda haubadiliki, anaandika kwamba chipu yake ni thabiti. Thabiti wapi, jamani! Amepita njia moja mara mia. Chipu ya pili ya aina hiyo hiyo, kwa kuwa mbegu yake ni nyingine, yaweza kuchukua muda mara mbili au zaidi. Anayetaka kupima uzalishaji wenyewe atumie amri ya Create, ambayo huchota bahati mpya kila safari.

Na hata aliyepima sawasawa bado ana swali la kujibu: kasi hiyo imepatikana kwa kutoa nini? Oktoba 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, huko Brno, Ucheki, na wenzao walitangaza udhaifu ulioitwa ROCA katika maktaba ya RSA ya chipu za Infineon, TPM zikiwemo. Maktaba hiyo, ili iende haraka, haikutafuta namba tasa popote pale. Kwa funguo za biti 2048 ilichukua zao la namba tasa 126 za mwanzo, ikatumia na vipeo vya 65537, ikatunga namba ambazo tangu mwanzo hazigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo 126. Kazi ya kuchuja ikaokolewa. Ujanja mzuri, ila namba zote zikawa na umbo moja linalotambulika, na ufunguo wa umma peke yake ukatosha kumfikisha mshambuliaji kwenye ule wa siri, akiwa na kompyuta za kutosha. Novemba mwaka huo Estonia ikasimamisha vyeti vya vitambulisho zaidi ya 700,000. Na chipu hizo zilikuwa zimepita kwa wakaguzi! Jedwali la kasi tupu lisingeona tatizo, huenda lingezisifu.

Tena kifaa kidogo huzalisha ufunguo mara chache mno maishani mwake. Kazi ya kila siku ni kutia saini, na huko nako saa ina hatari yake: mwaka 2019 utafiti wa TPM-FAIL ulionyesha kuwa chipu ya STMicroelectronics na TPM ya Intel zilitofautiana muda wa kutia saini za ECDSA kulingana na namba ya siri, na tofauti hiyo ndogo ikaufichua ufunguo.

Kwa hiyo mwenye ripoti atuambie toleo la programu iliyo ndani ya chipu, amri aliyotumia na kasi ya SPI, kisha atupe muda wa kila jaribio. Faili la namba elfu moja ni kilobaiti chache tu.