Namna Filamu ya Haile Ilivyouonyesha Umbali

Filamu nyingi za riadha hutuonyesha mshindi, zikasahau umbali. Mkimbiaji anakata utepe, muziki unapanda, machozi yanatoka, na mtazamaji anaondoka bila kuonja uzito wa zile kilomita. “Endurance” ya mwaka 1999, inayosimulia safari ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, ilipita njia nyingine. Kwetu Tabora, mji uliokuzwa na watu wa miguu, ufundi wake unastahili kutazamwa kwa makini.

Kwanza, waigizaji. Mwongozaji Leslie Woodhead hakwenda kutafuta nyota. Haile anajiigiza mwenyewe, na utoto wake unaigizwa na Yonas Zergaw, mtoto wa ndugu yake. Mwendo wa kijana huyo ni wa mtu aliyezaliwa kwenye nchi ile ile ya juu ya Arsi, na hilo halifundishwi kwa wiki mbili za mazoezi. Mbio za Olimpiki ya Atlanta 1996 nazo ni za kweli, zilizopigwa picha chini ya usimamizi wa Bud Greenspan, yule yule aliyeieneza duniani habari ya John Stephen Akhwari wetu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akichechemea na bandeji mguuni.

Sasa utazame mkono wa kushoto wa Haile pale Atlanta. Ameukunja, ameubana karibu na ubavu, tofauti na wa kulia. Utotoni alikimbia kilomita 10 kwenda shule na 10 kurudi, vitabu vikiwa kwapani. Vitabu vilikwisha kuondoka, mkono ukabaki vile vile. Ndiyo maana maisha ya kijijini na uwanja wa Olimpiki vinashikana bila msimulizi kulazimika kutueleza lolote: mwili wenyewe ndio unaounganisha. Alimaliza mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 7.34, Paul Tergat wa Kenya akiwa nyuma yake kwa chini ya sekunde moja. Kwa mtu aliyeuona ule mkono, pengo hilo dogo lina historia ndefu.

Historia hiyo inatugusa na sisi: Haile alivutiwa na ushindi wa Miruts Yifter, Mwethiopia mwenzake, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika mita 5,000 za michezo hiyo, aliyemfuata Yifter alikuwa Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyetwaa medali ya fedha. Habari ya Nyambui ingeweza kabisa kuzaa filamu ya namna hii, na inaniuma kwamba hatuna.

Malighafi tunayo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo kwa miezi mitatu hivi, pembe za ndovu mabegani, wakimfuata kirangozi, kiongozi wa msafara. Upande wa magharibi njia iliendelea hadi Ujiji. Hata leo wapo watoto wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule wakikatiza miombo. Anayetaka kutengeneza filamu ya mkimbiaji chipukizi wa huku asianze na uwanja wa Ali Hassan Mwinyi wala na medali. Aanze asubuhi njiani, kamera iwe chini usawa wa miguu, na asiikate picha haraka. Amwache mtoto atembee mpaka mtazamaji naye achoke.