Matamshi ya Majina ya Wanamuziki wa Jazi: Uhakiki Kutoka Mantapala na Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Majina ya wanamuziki wa jazi wa Congo husikika kila mahali katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, lakini hutamkwa kwa namna zinazopingana. Makala haya yanahakiki misimamo mitatu inayotumika kuamua tamko sahihi: kufuata maandishi, kufuata lugha asilia ya jina, na kulinyambua jina kwa kanuni za lugha ya msemaji. Hoja kuu ni kwamba sharti lafudhi itenganishwe na kosa. Lafudhi ni haki ya kila msemaji. Kosa ni kusoma herufi za mfumo mmoja kwa kanuni za mfumo mwingine. Mfano wa Mantapala, wilayani Nchelenge, unaonyesha kwamba suala hili haliishii jukwaani, kwa kuwa tahajia zilezile zimo katika majina ya watoto wa wakimbizi. Makala yanapendekeza tahajia ya Kiswahili itumike kama mwongozo wa matamshi pasipo kubadili maandishi rasmi ya jina.

1.0 Utangulizi

Ziwa linalopakana na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo lina tahajia mbili. Upande wa Nchelenge huandikwa Mweru. Katika ramani za Kifaransa huandikwa Moero. Hakuna mvuvi anayedhani kwamba hayo ni maziwa mawili. Lakini msomaji mgeni anayeishika ramani ya Kifaransa atatamka silabi tatu, Mo-e-ro, mahali ambapo wenyeji wana mbili. Tofauti hiyo haikuletwa na ulimi wa mtu yeyote wa mwambao. Ililetwa na tawala mbili za kikoloni zilizoandika sauti moja kwa desturi mbili.

Mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hiyo ya Nchelenge, mkoani Luapula, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie huduma zilezile, shule zikiwamo. Kwa hiyo hapo hukutana Kiswahili cha Katanga, Kibemba, Kifaransa cha shule za Congo na Kiingereza cha shule za Zambia. Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kuuliza swali hili: jina lililoandikwa kwa desturi ya nchi moja litamkwe vipi katika nchi nyingine?

Majina ya wanamuziki wa jazi yanafaa kwa uchunguzi huo kwa sababu yanajulikana na wengi na yamevuka mipaka kabla ya wenye nayo. Neno jazi lenyewe lilivuka mbali. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza Leopoldville mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Tanzania ilikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Bendi hizo zilipiga rumba, chacha na miondoko ya nyumbani zaidi ya muziki wa New Orleans. Makala haya yanalitumia neno jazi kwa upana huo.

2.0 Tahajia tatu, sauti moja

Sauti ya kwanza katika neno la Kiswahili chakula huandikwa kwa namna tatu kandokando ya Ziwa Mweru. Kiswahili sanifu huandika ch. Tahajia rasmi ya Kibemba huandika c, kama katika icibemba, ingawa majina ya watu wa Zambia yamebaki na ch ya zamani, kama lile la Rais Frederick Chiluba. Desturi ya Congo, iliyojengwa juu ya Kifaransa, huandika tsh, kwa kuwa katika Kifaransa ch husomwa sh. Ndiyo sababu Kabasele ana jina la Tshamala, lenye tsh, ilhali wimbo mashuhuri wa kundi lake wa mwaka 1960, Indépendance Cha Cha, umeandikwa kwa ch. Sauti ni ileile. Herufi zinatofautiana kwa sababu jina lilipitia kwa karani na chacha ilipitia kwenye sahani za santuri kutoka Cuba.

Mwimbaji Tshala Muana, aliyefariki Kinshasa mwaka 2022, ana mitego miwili katika jina moja. Msomaji wa Kiswahili asiyejua desturi ya Congo huelekea kuongeza irabu na kusema Tishala, kisha huligawa jina la pili kuwa Mu-a-na. Kumbe Muana ni mwana, neno ambalo Mswahili hulitamka kila siku. Hapa maandishi yamemficha mtu neno lake mwenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa Franco Luambo Makiadi. Wapo wanaoandika Lwambo, na tahajia hiyo haiongezi wala haipunguzi chochote katika tamko. Mkazi wa Nchelenge hahitaji somo refu: anayeweza kutamka Luapula kama ilivyozoeleka kwao anaweza kutamka Luambo.

Kipo pia kitenzo cha ritifaa. Katika Kiswahili alama hiyo hutenga ng'ombe na ngoma. Katika majina kama M'Pongo Love na Nguashi N'Timbo alama hiyo haina kazi hiyo; inaonyesha tu kwamba nazali imetangulia konsonanti, jambo ambalo Kiswahili huliandika bila alama yoyote katika mbuzi na ndizi. Na herufi dj, inayoonekana ngeni kwa Mtanzania, ni j ya kawaida. Mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, husomwa Jango, na msomaji wa Lubumbashi atalipata tamko hilo mapema kuliko msomaji wa Dar es Salaam.

Chanzo cha mgawanyiko huu ni cha kihistoria. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930 ilihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Congo ya Wabelgiji haikuwamo, wala Rhodesia ya Kaskazini. Wasemaji wa Kiswahili wa Katanga waliachwa nje ya tahajia sanifu, na majina yao yakaendelea kuandikwa kwa sikio la Kifaransa.

3.0 Misimamo mitatu na mipaka yake

Msimamo wa kwanza husema: jina lisomwe kama lilivyoandikwa. Udhaifu wake ni kwamba herufi hazijisomi. Mfano ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, akarekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, akaimba kwa Kiswahili cha Katanga, na kufariki kwa ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma kwa Kiingereza akikutana na Jean atasoma Jin, ambalo kwa Kiingereza ni jina la mwanamke. Amefuata maandishi kwa uaminifu wote, na amempoteza mwanamuziki.

Msimamo wa pili hutaka tamko la lugha asilia. Msimamo huu una heshima, lakini hauelezi asili ni ipi. Tabu Ley alijulikana kwa jina la Rochereau, lililotokana na ofisa wa jeshi la Ufaransa, Denfert-Rochereau, aliyesomwa katika vitabu vya historia. Mwenye jina alizaliwa Congo na kuimba zaidi kwa Kilingala. Je, tamko la Paris ndilo asilia, au lile la Kinshasa ambako jina lilipata umaarufu? Anayemsahihisha msikilizaji wa Nchelenge kwa kutumia kamusi ya Kifaransa anamrudisha kwa ofisa wa jeshi, si kwa mwimbaji.

Msimamo wa tatu huliacha jina lifuate ulimi wa msemaji. Kibemba hakina r wala z. R ya kigeni huelekea kuwa l, na z huelekea kuwa s. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hakina irabu za puani za Kifaransa. Mabadiliko hayo yana utaratibu, na hakuna lugha isiyoyafanya. Hayo ni lafudhi. Kumcheka mkazi wa mwambao kwa l yake ni kumcheka kwa kuwa na lugha.

Lakini Tishala si lafudhi. Hakuna kanuni ya Kiswahili inayomlazimisha msemaji kuweka irabu hapo, kwa kuwa sauti ch anayo tayari. Vivyo hivyo Mu-a-na. Hilo ni kosa la usomaji, yaani kuzichukua herufi za mfumo mmoja na kuzisoma kwa mfumo mwingine. Misimamo yote mitatu inakwama kwa sababu haitofautishi mambo haya mawili. Wa kwanza na wa pili hukemea lafudhi. Wa tatu husamehe hata kosa.

4.0 Mwenye jina ndiye mamlaka

Baada ya tofauti hiyo kuwekwa wazi, linabaki swali la mamlaka. Kisa cha Verckys kinajibu vizuri. Mpiga saksafoni Kiamuangana Mateta, aliyekuwa OK Jazz kabla ya kuunda kundi lake la Vévé, alimpenda Mmarekani King Curtis. Historia za muziki wa Congo husimulia kwamba Verckys ni jina Curtis lililosikika vibaya. Kosa la sikio likageuka jina halali, likaandikwa kwenye santuri, na likawa lebo ya mtu mzima mwenye mali na heshima. Hakuna mtaalamu mwenye haki ya kulirudisha kuwa Curtis. Mwenyewe alilikubali, na kukubali kwake kumemaliza ubishi.

Louis Armstrong anathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 1960 alitumbuiza Leopoldville na Elisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, jina jingine lenye tsh. Wasomaji wa Kifaransa humwita Lui, na wengi wa Marekani humwita hivyo pia. Lakini katika rekodi yake ya Hello, Dolly! ya mwaka 1964 yeye mwenyewe analitamka jina lake kwa s ya mwisho inayosikika wazi. Kinywa cha mwenye jina kina uzito kuliko kanuni ya tahajia.

Dola, kwa upande wake, ina uwezo mkubwa juu ya majina na uangalifu mdogo juu ya sauti. Mwaka 1972 siasa ya uasilia ya Mobutu iliwataka raia wa Zaire kuacha majina ya Kikristo. Rochereau akawa Tabu Ley, Nico akawa Kasanda wa Mikalay, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Ajabu ni kwamba siasa iliyotaka kufuta ukoloni katika majina iliacha tahajia ya kikoloni mahali pake. Kiamuangana, Tshala na Mikalay waliendelea kuandikwa kwa desturi ya Wabelgiji. Jina lilibadilishwa, karani hakubadilishwa.

5.0 Kutoka jukwaani hadi rejista

Mwanamuziki ana kinga ambayo mkimbizi hana. Likisomwa vibaya redioni jina la Tshala Muana, wimbo utafuata na kila mtu atajua ni nani. Mtoto wa Mantapala hana wimbo wa kumtambulisha. Jina Chanda ni la kawaida katika Luapula; likiandikwa Tshanda kwenye cheti cha Congo, litapangwa kwenye herufi T, na anayelitafuta kwenye C hatalikuta. Likiandikwa upya kwa tahajia ya Zambia shuleni na kuachwa lilivyo katika kitambulisho cha ukimbizi, mtoto mmoja anaweza kuonekana kuwa wawili. Mgao, cheti cha mtihani na siku moja safari ya kurudi nyumbani hutegemea karatasi hizo kukubaliana. Vyombo vya hakimiliki na maktaba za sauti hukabiliwa na tatizo hilohilo: Luambo na Lwambo vikihesabiwa kuwa watu wawili, urithi wa mmoja hugawanyika.

Kwa sababu hiyo, pendekezo la kusanifisha majina yote kwa tahajia ya Kiswahili halifai, hata likitolewa kwa nia njema. Lingetenganisha karatasi za upande mmoja wa ziwa na za upande wa pili. Kinachofaa ni kuiachia tahajia kazi ya utambulisho na kuipa sauti mahali pake pa kuandikwa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili kina sifa inayohitajika: irabu tano, herufi zinazotabirika na mkazo unaojulikana. Hakiwezi kuonyesha toni za Kiluba au za Kibemba, na upungufu huo ukubaliwe. Hata hivyo kinatosha kumzuia msomaji kuongeza silabi ambayo jina halina. Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya yenye Zambia na Congo ndani yake, na mwaka 2022 Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, rejista za shule na za wakimbizi ziwe na safu ya matamshi kando ya jina: Tshanda, tamka Chanda. Maandishi ya cheti yasiguswe. Pili, safu hiyo ijazwe kwa kumuuliza mwenye jina au mzazi wake, kwa kuwa karani hana ujuzi unaozidi wao. Tatu, BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ziandae mwongozo mfupi wa kusoma tahajia za Congo na Zambia kwa walimu na watangazaji, na majina ya wanamuziki yatumike kama mifano kwa kuwa wasikilizaji wanayajua. Nne, mwongozo huo useme wazi kwamba lafudhi haisahihishwi.

Anayejua kwamba Muana ni mwana ameshajifunza nusu ya somo hilo. Nusu iliyobaki ni kumwendea mtoto aliye mbele yake na kumuuliza anaitwaje.